Cheti cha Linux kwa mtu anayeijua kazi tayari

Swali: Mwalimu, natumai u mzima. Nina miaka 27 na naishi Kayole. Nilisomea kompyuta chuo kikuu hadi mwaka wa pili, karo ikanishinda. Tangu hapo, miaka minne sasa, natunza seva za sacco moja hapa mjini. Ni seva tatu, zote zinaendesha Linux, ule mfumo wa kompyuta wa bure, na kila ninachojua nilijifunza mwenyewe usiku kwenye intaneti. Nikiomba kazi kwingine siitwi hata kwa mahojiano. Chuo kimoja kinataka shilingi 85,000 kwa kozi ya miezi mitatu na kinaahidi vyeti vinne. Mimi nina 60,000 kwenye chama. Je, cheti kitanifaa au nitakuwa nimenunua karatasi? Na kama programu zenyewe ni za bure, mbona mtihani wake ni ghali? Na nikifeli je?

Jibu: Ndugu yangu, usiende kukopa zile 25,000 zinazopungua. Chuo hicho kiache. Natanguliza hilo kwa sababu najua jinsi mtu akishachoka kungoja simu isiyolia anavyoweza kukimbilia kulipa popote. Lakini cheti chenyewe ni jambo jingine, na kwa hali yako kina faida kubwa kuliko wanavyokuambia wenzako kazini. Mafundi wetu wengi hupenda kusema cheti ni karatasi tu. Nami nilisema hivyo kwa miaka mingi, nikakosea.

Nimefanya kazi hii hapa Nairobi tangu 2006, na miaka ya karibuni nimekaa upande wa pili wa meza, nikiwahoji vijana wanaotafuta kazi kama yako. Kwa hiyo nimeona barua yako inapotelea wapi. Kazi ikitangazwa, maombi huja kwa mamia, na anayeyafungua kwanza si mimi. Ni afisa wa rasilimali watu, mtu mwenye bidii yake, ambaye hana namna ya kujua kama miaka yako minne katika sacco ilikuwa ya kutunza seva au ya kubadilisha wino wa printa. Ana orodha mkononi: shahada, miaka ya kazi, vyeti. Wasifu wako una la pili peke yake. Unawekwa kando, na mimi ambaye ningekuuliza maswali mawili nikakutambua, sikuoni kabisa.

Cheti huandikiwa mtu asiyekujua. Meneja wa sacco yako hakihitaji. Anajua kwamba tangu uje, mfumo haulali chini tarehe za mshahara. Ila ushahidi wake unaishia mlangoni pa sacco. Tunao mafundi hodari wa magari Grogan ambao hawajawahi kuulizwa karatasi, kwa kuwa mteja anasimama pale pale akaona gari limewaka. Fundi huyohuyo akitaka kandarasi ya kutunza magari ya kampuni, ataambiwa alete cheti cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, chenye gredi yake. Mikono ni ileile, anayemtazama ndiye amebadilika.

Hapa kuna tofauti moja ambayo watu wa programu huria huisahau wanapokushauri. Watakuambia: achana na vyeti, onyesha kazi yako hadharani. Kwa mwandishi wa programu, ushauri huo ni sahihi kabisa. Chukua OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao mizizi yake imeshikamana na Eldoret, na ambao KenyaEMR inayotumika katika kliniki zetu imejengwa juu yake. Au Ushahidi, iliyozaliwa hapa kwetu katika ghasia za baada ya uchaguzi, mapema 2008. Kila mstari aliouandika mchangiaji umewekwa na jina lake na tarehe, na mtu yeyote aliye Mombasa au Toronto anaweza kuusoma na kumpima. Huyo ana shahidi tayari. Kama ungekuwa mwandishi wa programu ningekuambia tunza pesa yako, tafuta kasoro moja katika mradi unaoutumia, irekebishe, itume.

Lakini wewe ni mtunzaji wa seva. Kazi yako ikifanyika vizuri, hakuna kinachotokea, na hakuna anayeona. Mipangilio ya seva za sacco huwezi kuiweka hadharani, na usithubutu, kwa kuwa ndani yake mna nywila na anwani zinazolinda akiba za watu. Kwa hiyo katika ulimwengu huu ambao kila kitu kiko wazi, wewe na wenzako ndio mnaofanya kazi gizani. Ndiyo maana nasema cheti kitakufaa wewe kuliko kitakavyomfaa kijana anayeandika programu.

Kuhusu ughali: huria maana yake uko huru kuitumia programu, kuifungua, kuibadilisha na kumgawia jirani. Uhuru huo unabaki wako hata usipofanya mtihani wowote maishani. Unacholipia ni kazi ya watu wanaotunga maswali, kuyajaribu, kuyabadilisha kila toleo jipya likitoka, na kusimamia chumba cha mtihani. Hakuna leseni inayouzwa pale.

Sasa nikueleze faida ya pili, ambayo kwangu ni nzito kuliko ya kwanza.

Huwa nawapa wanaokuja kuhojiwa mashine moja niliyoiharibu makusudi. Diski yake imejaa. Ukiuliza kwa amri ya df inakujibu asilimia 100. Lakini ukihesabu mafaili yote kwa du, unapata kama theluthi moja tu ya diski. Iliyobaki imekwenda wapi? Siku moja walikuja wawili. Wa kwanza alikuwa na vyeti vitatu. Aliitazama skrini dakika kumi, akaniambia diski ni mbovu. Wa pili alikuwa kijana aliyejifunza mwenyewe kama wewe. Alijibu papo hapo: "Ningeizima nikaiwasha upya." Na kweli, ukiiwasha upya nafasi inarudi. Nikamuuliza kwa nini inarudi. Akanyamaza.

Kinachotokea ni hiki. Faili likifutwa huku programu fulani bado imelishika, jina lake linatoka kwenye folda, lakini nafasi yake kwenye diski haiachiliwi mpaka programu ile ilifunge. Mtu aliona diski inajaa, akafuta logi kubwa, yaani faili la kumbukumbu za matukio, na huduma ikaendelea kuandika kwenye faili ambalo halina jina tena. Du hupita folda kwa folda ikihesabu majina, kwa hiyo hailioni. Df huuliza mfumo wa mafaili wenyewe, kwa hiyo inaliona. Dawa ni kutumia lsof, amri inayoorodhesha mafaili yaliyoshikwa na programu, umjue aliyelishika, kisha uanzishe upya huduma ile moja. Kuzima mashine nzima kungeleta nafasi ileile, lakini hebu fikiria sacco yako tarehe 30, foleni imefika ngazi, na wewe unazima seva kwa tatizo la faili moja.

Yule wa vyeti vitatu alinithibitishia kile nilichokuwa nikikisema siku zote. Yule wa pili ndiye aliyenibadilisha mawazo. Mtu aliyejifunza kwa kuzima moto huijua dawa bila kuujua ugonjwa. Ana mikono mizuri na mashimo makubwa, na mashimo hayo hayaoni, kwa sababu kila moto uliowaka alifaulu kuuzima. Nilimpa orodha ya mada za mtihani wa LPIC-1, cheti cha mwanzo cha utunzaji wa Linux, nikamwomba azisome zote hata kama hatafanya mtihani. Alirudi baada ya miezi minane. Nikampa mashine ileile. Aliirekebisha, kisha akaniuliza kama logrotate, programu inayozungusha logi zisijae, ya mashine ile imepangwa kuiarifu huduma kila logi inapozungushwa, maana bila hivyo tatizo litarudi wiki ijayo. Nilimwajiri.

Nawe una mashimo yako. Seva zako, ikiwa ni za jamii ya Red Hat, kampuni inayouza Linux, nina hofu SELinux, ule ulinzi wa ziada wa ndani ya mfumo, imezimwa tangu siku ya kwanza kwa sababu ukurasa fulani wa intaneti ulikuambia hivyo. Mtaala wa mtihani hukulazimisha kupita kwenye vyumba ambavyo kazi yako haijawahi kukuingiza. Hiyo ni mali ambayo hata cheti kikiisha muda inabaki kwako.

Uchukue kipi basi? Anza na LPIC-1. Hutolewa na Linux Professional Institute, shirika lililoanzishwa 1999 na lenye makao Kanada, nalo halifungamani na kampuni yoyote inayouza Linux; utaulizwa ya Debian, toleo jingine la Linux, na ya Red Hat vilevile. Ni mitihani miwili, 101 na 102, kila mmoja maswali 60 kwa dakika 90. Alama huanzia 200 hadi 800, na unapita kwa 500. Kwa mtu anayeweka akiba kwenye chama, uzuri wake ni kwamba unalipa mtihani mmoja, unaufanya, unapumua, ndipo unalipa wa pili. Cheti hudumu miaka 5. Ukipakua orodha yao ya mada utaona kila mada imepewa uzito wake, na uzito huo hukuonyesha maswali yatajaa upande gani. Gawa muda wako kwa kuufuata. Shirika lenyewe limeweka masomo ya bure kwenye tovuti yake, na Linux Foundation nayo ina kozi ya utangulizi ya bure. Sasa unaona kwa nini nimekataa zile 85,000: sehemu kubwa yake ingelipia mtu akusomee kile ambacho kimewekwa wazi ukisome.

Kinachofuata, ukiwa umeshajijenga, ni RHCSA ya Red Hat, hasa kama macho yako yako kwenye benki na kampuni za simu. Hiki ndicho ninachokiheshimu zaidi nikikiona kwenye wasifu, kwa sababu hakuna swali la kuchagua jibu. Unapewa mashine na kazi za kufanya. Intaneti hakuna, una kurasa za maelezo zilizomo ndani ya mashine yenyewe, basi. Unahitaji alama 210 kati ya 300. Na kuna sharti moja linalowaangusha hata mafundi wa miaka mingi: kila ulichokifanya lazima kiendelee kufanya kazi baada ya mashine kuwashwa upya. Umeanzisha huduma ukasahau kuiagiza ijiwashe yenyewe? Haihesabiwi. Umeongeza diski, ukaandika mstari wake kwenye faili la fstab, linaloiambia mashine ifungue diski zipi ikiwaka, ukakosea herufi moja ya utambulisho? Mashine itakwama njiani ikiomba nywila ya mkuu (root), na mashine isiyowaka haina cha kusahihishwa, hata kama kazi nyingine zote ulizifanya sawasawa.

Nilifanya kosa hilo kazini, kabla sijajua kuna mtihani unaolipima. Ilikuwa Ijumaa jioni, seva iko kwenye kituo cha data upande wa Industrial Area, na mimi nimeshafika nyumbani. Nikarudi kwa matatu mbili na bodaboda usiku ule kwa ajili ya herufi moja. Tangu siku hiyo sifungi faili la fstab bila kuendesha kwanza mount -a, amri inayojaribu kufungua diski zote zilizoandikwa humo, ili kama kuna kosa nilione nikiwa bado nimekaa kwenye kiti. Jizoeshe hivyo kuanzia leo, mtihani au hakuna mtihani. Cheti hiki cha RHCSA hudumu miaka 3, na ada yake ni ya kukaza mkanda, kwa hiyo uache mpaka uwe umeongeza kipato.

Cha Kubernetes, programu ya kuendesha huduma kwenye seva nyingi kwa pamoja, kile kiitwacho CKA, kinavutia vijana wengi kwa sababu ya kazi za wingu na za kufanyia nyumbani. Ni kizuri, ni cha vitendo, saa mbili, na kupita ni asilimia 66. Ila gharama yake inazidi dola 300 na siku hizi hudumu miaka 2 tu. Sacco yako haitumii Kubernetes, kwa hiyo ungekuwa unasomea kitu usichokigusa mchana. Kiweke mbele huko.

Mitihani ya namna hiyo hufanyiwa mbele ya kamera, na hapa nakuonya kwa yale niliyoyaona. Chumba kiwe na wewe peke yako, meza tupu, kimya. Katika nyumba zetu za Kayole, jirani akifungua redio au stima ikipotea katikati ya mtihani, hasara ni yako. Kodi chumba kidogo cha mkutano kwa saa tatu mahali penye jenereta, au fanyia kwenye kituo cha mitihani kama kipo cha mtihani huo. Na majina uliyojisajili nayo yafanane na ya kitambulisho chako, kwa mpangilio uleule. Watu wetu tuna majina matatu, tunatumia mawili kazini na jingine kanisani, na nimeona mtu akizuiwa mlangoni kwa sababu hiyo.

Niseme kidogo kuhusu vyeti vinne kwa miezi mitatu. Uliza chuo hicho: mitihani inatolewa na nani, ada ya mtihani imo ndani ya zile 85,000, na matokeo yanahakikiwa wapi? Mara nyingi utagundua vyeti hivyo ni vya chuo chenyewe vya kuhudhuria, na afisa wa rasilimali watu havijui. Mahali pengine miezi mitatu huwezekana kwa sababu wanafunzi wanagawiwa maswali yaliyoibwa ya mtihani wakayakariri. Huo ni mwakenya, hata ukija kwa WhatsApp badala ya kwenye soksi. Waandaaji wakikugundua wanakifuta cheti, na wasipokugundua, mimi nitakugundua kwa ile mashine ya diski iliyojaa. Vyeti vya kweli huja na namba ambayo mwajiri huiweka kwenye tovuti ya mtoaji akaona jina lako na tarehe. Ndiyo sababu hata karatasi nzuri ya kughushi iliyochapishwa River Road haimfikishi mtu mbali katika fani hii.

Kusoma kwenyewe kunahitaji kompyuta moja iliyotumika yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, VirtualBox ya bure, programu inayokuruhusu kuendesha kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako, na ndani yake mashine pepe mbili, moja ya Debian na moja ya Rocky Linux au AlmaLinux. Hizi mbili za mwisho zilianzishwa na watu baada ya Red Hat kutangaza mwishoni mwa 2020 kwamba inaimaliza CentOS, ile nakala ya bure ya mfumo wake tuliyoizoea, nazo hufuata Red Hat kwa karibu sana bila kukudai senti. Ziharibu. Futa faili la fstab, poteza nywila ya mkuu, jaza diski, kisha uzirudishe bila intaneti. Saa moja kila alfajiri kabla hujapanda matatu, kwa miezi sita, inakutosha kwa LPIC-1 ukizingatia ulipo. Ukipata wawili wa kusoma nao, bora zaidi.

Kuna milango ambayo cheti hiki hakifungui, na sitaki uvunjike moyo ukifika hapo. Nafasi nyingi za serikali, za taifa na za kaunti, huuliza shahada kwanza, na cheti huhesabiwa kama nyongeza. Kwa hiyo kama kuna njia ya kurudi kumaliza ile miaka miwili, hata kwa masomo ya jioni, usiifunge akilini. Pia usitarajie mshahara upande mwezi unaofuata. Kitakachobadilika kwanza ni kwamba simu itaanza kulia.

Kwenye wasifu, usiandike jina la cheti peke yake. Andika: natunza seva tatu za Linux zinazohudumia wanachama kadhaa, nimepanga nakala za akiba za kila usiku na kuzijaribu kuzirejesha kila mwezi. Kama hujawahi kujaribu kuzirejesha, ndugu yangu, acha kusoma jibu hili, nenda ukajaribu kwanza.

Kabla hujagusa pesa ya chama, zungumza na meneja wako. Waajiri hulipa tozo ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na sheria inawapa nafasi ya kudai kurejeshewa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Wengi hawadai kamwe. Hata isipowezekana kwa mtihani wako, mwombe sacco ilipe nusu nawe uahidi kukaa mwaka mmoja. Ombi hilo liandike, ukurasa mmoja, ukitaja jambo moja kwenye seva zao utakaloliimarisha kwa kusoma huku. Mimi nikiletewa ombi la namna hiyo na kijana wangu, sioni namna ya kumkatalia.

Na ukifeli? CKA hukupa nafasi ya pili bila malipo. LPIC-1 utalipa tena, ndiyo maana nimekuambia ulipe mmoja mmoja, na ile pesa iliyobaki kwenye chama usiiguse. Pamoja na alama utapewa jedwali la matokeo linaloonyesha asilimia uliyopata katika kila sehemu. Waliofeli wengi hulikunja wakalitupa. Wewe libandike ukutani juu ya kompyuta. Sehemu yenye asilimia ndogo kuliko zote ndiyo utakayoiharibu na kuitengeneza kwenye mashine pepe wiki nzima, kisha ufuate inayoifuatia. Ukifika ya tatu, niandikie uniambie zilikuwa zipi, tuzipitie pamoja.